Vavilov, Mtunza Mbegu

Nikolai Vavilov alizaliwa Moscow, Urusi, mwaka wa 1887. Akawa bingwa wa elimu ya mimea, akasafiri nchi nyingi, hata Uhabeshi mwaka wa 1927, akikusanya mbegu za nafaka na za jamaa zake wa porini. Alijua kwamba ugonjwa ukiangamiza mazao, mbegu hizo zitawaokoa watakaozaliwa baadaye. Ghala lake lilikuwa Leningrad, mji uitwao leo St. Petersburg. Mwaka wa 1940 serikali ya Stalin ilimfunga; akafa gerezani mwaka wa 1943, amedhoofika kwa njaa. Leningrad nayo ilizingirwa na Wajerumani. Baadhi ya wasaidizi wake walikufa njaa, wamezungukwa na mbegu, wasikubali kuzila. Akiba haiozi: ghala lile latunzwa hata leo.