Gwyn Nicholls, Mchezaji wa Wales

Katika nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza, mchezo unaopendwa sana ni raga. Huchezwa na watu 15 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji aweza kuuchukua mpira mikononi na kukimbia nao. Lakini akitaka kumrushia mwenzake, hana ruhusa kuurusha mbele, ila kando au nyuma. Kwa hiyo mwenye mbio asiye na wenzake karibu hukamatwa upesi na kuangushwa.

Gwyn Nicholls alizaliwa mwaka 1874, wala si katika Wales, bali Westbury-on-Severn katika Uingereza. Alihamia Cardiff angali mtoto, nao ni mji wa bandari uliotajirika kwa makaa ya mawe. Huko akakua, huko akajifunza raga, na mwaka 1896 akachaguliwa kuichezea Wales. Alikuwa na mbio na nguvu, lakini sifa yake kubwa haikuwa hiyo. Alijua wakati wa kukimbia na mpira na wakati wa kuuachilia. Mara nyingi alimvuta adui amkabili yeye, kisha humpa mwenzake mpira, na mwenzake huona njia nyeupe mbele yake.

Mwaka 1905 wachezaji wa New Zealand walivuka bahari wakaja Uingereza. Walicheza mara 27, wasishindwe hata mara moja. Uskoti, Ireland na Uingereza zote zilipigwa. Ikabaki Wales. Wakati huo Nicholls alikuwa amekwisha kuacha kuichezea nchi. Lakini aliombwa arudi awe kiongozi, naye akakubali.

Tarehe 16 Desemba watu wapata 47,000 walikusanyika Cardiff. Wageni walicheza ngoma yao ya vita, na watu wa Wales wakawajibu kwa kuimba wimbo wa taifa lao. Kisha mchezo ukaanza. Dicky Owen, mtu mfupi mwenye akili nyingi, alijifanya kushambulia upande wa kulia. Wageni walipokimbilia huko, akaurusha mpira kushoto; ukapita mikononi mwa wenzake hata ukamfikia Teddy Morgan, naye akaenda mbio akaugusisha chini nyuma ya mstari. Wales ikapata alama 3. Baadaye wageni walidai kwamba Bob Deans naye amefunga, lakini mwamuzi alikataa, na ubishi wa jambo hilo ulidumu miaka mingi. Mchezo ukaisha 3 kwa 0. Katika michezo 35 waliyocheza safari ile, New Zealand walishindwa mara hiyo moja tu.

Mwaka uliofuata walikuja watu wa Afrika Kusini. Nicholls akaitwa tena, akaitika tena. Safari hii, tarehe 1 Desemba 1906, Wales ilishindwa vibaya huko Swansea, 11 kwa 0. Huo ulikuwa mchezo wake wa 24 kwa Wales, na wa mwisho. Alikuwa na umri wa miaka 32, na ingalikuwa rahisi kwake kukaa nyumbani na kuficha uso. Lakini mwezi mmoja baadaye, tarehe 1 Januari 1907, alishuka uwanjani pamoja na timu ya Cardiff kupambana na watu wale wale. Uwanja ulijaa matope. Nicholls mwenyewe alifunga, na Cardiff ikashinda 17 kwa 0.

Alifariki mwaka 1939. Mwaka 1949 lango la ukumbusho wake lilifunguliwa kwenye uwanja wa Cardiff. Hivyo mtoto aliyekuja kutoka nchi nyingine akakumbukwa na Wales kama mwana wake. Hakukataa alipoitwa, wala hakukimbia aliposhindwa.