Marehemu Tom Mboya na Deni la Karo

Kila zifikapo barua za kuitwa vyuoni, hapa Tiwi huonekana jambo lile lile. Mzazi huuza mbuzi wake au kipande cha shamba la minazi, kisha huenda Kwale kuulizia basari, kisha hurudi kwa jamaa na majirani kuomba mchango. Kijana akaenda akasoma. Baada ya hapo twaona makundi mawili. Wako wanaosahau kabisa kwamba waliwahi kuchangiwa. Na wako ambao mchango ule umewafunga midomo, mfadhili akawa kama aliyewanunua, hata akikosea hawathubutu kumwambia. Yote mawili, kwa maoni yetu, hayastahiki kuitwa shukrani. Ndipo tukapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya marehemu Tom Mboya. Hakuwa Mwislamu wala mtu wa pwani, alikuwa Mjaluo Mkatoliki. Lakini jema hutajwa kwa mwenyewe aliyelitenda, awe nani.

Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la katani la Mzungu. Baba yake, Leonardus Ndiege, mtu wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, alikuwa mnyapara shambani humo. Kijana alisomeshwa katika skuli za misheni: kwanza Kabaa katika nchi ya Ukambani, kisha Yala huko Nyanza, kisha Mangu. Mwaka 1947 alifanya mtihani akafaulu, na ilibaki miaka miwili tu amalize sekondari. Lakini baba hakuwa na fedha za kumlipia zaidi, na wadogo zake nao walikuwa wakingoja zamu yao. Akatoka skuli. Si kwa uvivu wala kwa upungufu wa akili, bali kwa karo. Mzazi yeyote wa Tiwi alijua jambo hili bila kufafanuliwa.

Mwaka 1948 aliingia mafunzo ya ukaguzi wa afya, na alipohitimu aliajiriwa na baraza la mji wa Nairobi. Huko aliona kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa kidogo mno kuliko Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Akaunda chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa mwaka 1952, na mwaka uliofuata akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanyakazi. Wazee wa Mombasa walimfahamu mwezi wa Machi 1955, wafanyakazi wa bandari walipogoma. Mboya alishuka pwani, akasimama kati yao na matajiri wao, nao wakarudi kazini. Kisha mishahara ikaongezwa kiasi cha theluthi moja. Bandari ile ndiyo iliyokuwa riziki ya watu wengi waliovuka Likoni kutoka kusini, kwa hiyo hata kwetu ilifika sehemu ya juhudi yake.

Mwaka huo huo jumuiya za wafanyakazi wa Uingereza zilimfadhili akasome Ruskin College, mjini Oxford. Basi yule aliyetolewa skuli kwa kukosa karo akapata mwaka mzima wa kusoma siasa na uchumi, kwa fedha za watu ambao wengi wao walikuwa makuli na wachapakazi kama wale wa Mombasa. Yafaa tulitazame alilolifanya akiwa mgeni wao. Hakunyamaza. Mwaka 1956 alitoa kijitabu, kikachapishwa huko huko London, akiukosoa utawala wa Mwingereza katika Kenya na kudai haki ya Waafrika. Alipokea msaada kwa adabu, akasoma kwa bidii, na ulimi wake akabaki nao.

Alipotoka Oxford alikwenda Marekani kwa mwaliko, na huko akakutana na tajiri mmoja kijana, William Scheinman, aliyefanya biashara ya vipuri vya ndege. Mboya hakumwomba kitu kwa ajili ya nafsi yake. Alimweleza habari za vijana wa Kenya waliokuwa na barua za kukubaliwa katika vyuo vya Marekani, na pengine karo walikwisha kusamehewa, lakini hawakuwa na nauli. Nauli ya ndege siku zile ilipita mapato ya mwaka mzima ya jamaa nyingi. Scheinman akaanza kuwalipia, mmoja mmoja.

Mwaka 1959 Mboya, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alirudi Marekani akahutubu mji hata mji, akitafuta nafasi za vyuo. Ikaundwa jumuiya maalumu ya kuwasaidia wanafunzi hao. Na waliotia sahihi barua ya kuomba mchango ni Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri, na Harry Belafonte na Sidney Poitier, wasanii. Watu wa kawaida wakaleta walichokuwa nacho. Huku Kenya nako wazazi waliuza ng'ombe na ardhi, na vijiji vikafanya karamu za chai za kuchangisha. Majina ya hao hayakuandikwa popote, nasi twaona deni kubwa zaidi ni lao. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. (Wengi husema baba yake Rais Obama alikuwa ndani yake. Sivyo, yeye alikwenda Hawaii mwaka huo kwa njia nyingine.)

Serikali ya kikoloni haikuupenda mpango huo, na maafisa wake walivibeza vyuo vya Marekani. Mwaka 1960 fedha zilipopungua, Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, na taasisi ya jamaa ya Kennedy ikatoa dola 100,000. Hata kufikia mwaka 1963 walikwisha kusafirishwa karibu wanafunzi 800 wa Kenya na nchi jirani. Yatupasa pia tuseme kwamba wengi wa waliotoka Kenya walikuwa Wakikuyu na Wajaluo, na sisi wa pwani tulikuwa haba. Skuli za sekondari kwetu zilikuwa chache, na asiye na cheti haombewi nafasi chuoni. Atakaye kumlaumu Mboya kwa hilo, kwanza na azihesabu skuli tulizokuwa nazo.

Wapinzani wake walimwita kibaraka wa Wamarekani kwa sababu ya fedha hizo. Lakini hesabu yake yaonekana: kila alichopewa kwa ajili ya elimu kiligeuka kuwa nauli ya mtu mwingine. Wangari Maathai, aliyeondoka mwaka 1960, alirudi mwaka 1966, akafundisha katika chuo kikuu cha Nairobi, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Mboya alikuwa waziri tangu mwaka 1962, na mwishowe wa mipango ya uchumi. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa mjini Nairobi, alipigwa risasi akafa. Mtu mmoja alihukumiwa akanyongwa; waliomtuma, kama walikuwako, hawakupata kufikishwa mahakamani. Mboya alikuwa hajatimiza miaka 39. Alizikwa Rusinga, kisiwa cha baba yake.