Daktari wa jicho moja aliyeutambua uvimbe wa taya

Wazazi wa hapa Mkolani huuliza mara nyingi kuhusu watoto wenye malengelenge mdomoni au taya lililovimba. Wiki hii nakujibu kwa kukusimulia maisha ya Denis Burkitt.

Alizaliwa mwaka 1911 Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini hilo halikumzuia kusomea udaktari Dublin na kuwa mpasuaji. Mwaka 1946 alikuja Uganda, akafanya kazi Lira, kisha Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, alimkuta mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule, na tumboni pia. Jipu la jino kwa kawaida hukaa upande mmoja. Burkitt akapekua mafaili ya wagonjwa na kugundua kwamba hiyo ilikuwa saratani moja ya watoto. Mwaka 1958 aliandika habari zake.

Mwaka 1961, yeye na madaktari wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini, wakiuliza kila hospitali kama inawaona watoto hao. Ramani ikaonyesha kuwa ugonjwa uko zaidi kwenye joto na mvua nyingi. Nyanda za juu zenye baridi ni nadra. Mwaka 1964 watafiti wa London walikuta kirusi ndani ya uvimbe huo, kirusi cha Epstein-Barr. Wengi wetu hukipata utotoni bila madhara. Kikikutana na malaria ya mara kwa mara, hatari huongezeka. Ndiyo maana ukanda wetu wa Ziwa Victoria unahusika, na chandarua ni kinga.

Burkitt pia alionyesha kwamba dawa huweza kuuyeyusha uvimbe huo. Alifariki mwaka 1993. Leo watoto wa Kanda ya Ziwa hutibiwa Bugando, na wakiwahi wengi hupona.

Sasa mtazame mwanao. Malengelenge yanayouma, homa na fizi nyekundu mara nyingi huletwa na virusi, na hupona ndani ya wiki mbili. Mpe maji, uji uliopoa na dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake. Yakitokea pia viganjani na nyayoni, mara nyingi ni ugonjwa mwingine wa virusi unaopona wenyewe. Utando mweupe ulimini huweza kuwa fangasi. Uvimbe wenye jino bovu linalouma, nenda kwa daktari wa meno. Mtoto asiyeweza kunywa, au anayekojoa kidogo sana, apelekwe hospitali leo.

Lakini taya likikua ndani ya siku chache, pengine bila maumivu, meno yakalegea kabla ya umri wake, jicho likatokeza au tumbo likavimba, usiridhike na kung'olewa jino, wala usimpeleke kuchanjwa. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, uombe rufaa.