Joy Adamson: Mchoraji aliyefunikwa na simba wake

KUTOKA Balambala hadi mji wa Garissa, Mto Tana hupita katikati ya nchi kame ukiwa umevikwa, kingo zote mbili, utepe mwembamba wa msitu. Humo mna mikuyu, mikwaju, mikoma na migunga mirefu. Hatua chache nje ya kivuli hicho, ardhi ni vumbi na vichaka ni vya miiba.

Ni Garissa, wakati wa Krismasi ya mwaka 1942, ambako mke wa mtaalamu mmoja wa mimea alikutana na afisa wa idara ya wanyamapori aliyekuwa akilinda nyika za Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Afisa huyo alikuwa George Adamson. Mgeni huyo, baada ya kuachana na mumewe, aliolewa na George mwaka 1944, na kwa jina la Joy Adamson akaja kujulikana duniani kote.

Mtaje leo mbele ya yeyote, naye ataitika kwa kumtaja simba. Ni wachache watakaokumbuka kwamba mwanamke huyu alikuwa mchoraji kwa karibu miaka 20 kabla ya Elsa kuzaliwa, na kwamba hata kama simba huyo asingalizaliwa, Kenya ingalikuwa na deni kwake.

Alizaliwa Januari 20, 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria, ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Czech. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Friederike Viktoria Gessner. Ujana wake ulikuwa wa kutangatanga baina ya fani. Alijifunza piano, ushonaji na uchongaji wa sanamu, akatamani pia udaktari. Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, Myahudi ambaye kivuli cha Wanazi kilimfanya atafute makao mbali na Ulaya. Mke ndiye aliyetangulizwa Kenya mwaka 1937 kuitazama nchi. Ndani ya meli alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na ndoa ya kwanza haikunusurika safari hiyo. Bally ndiye aliyempa jina la Joy.

Bally alimpa pia kazi ya maisha yake, pengine bila ya kukusudia. Mwaka 1938 Joy alijiunga na msafara wa Makumbusho ya Coryndon, ambayo siku hizi ni Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, kwenda Milima ya Chyulu. Vilele vya milima hiyo vina misitu inayonyweshwa na ukungu, ilhali nyanda za chini yake ni kavu. Humo ndimo alimoanza kuchora maua.

Msomaji asidhani kwamba ilikuwa burudani ya mke wa msomi. Mmea ukishakaushwa na kubanwa baina ya karatasi, umbo lake husalia lakini rangi yake hupotea. Zambarau hugeuka kahawia, nyekundu hufifia. Mchoro uliofanywa papo hapo, ua likiwa bado lina uhai, ndio uliokuwa ukihifadhi kile ambacho sanduku la mtaalamu halikuweza kukihifadhi. Mchoraji wa porini hushindana na saa. Ua lililokatwa asubuhi hulegea kabla ya adhuhuri, upepo huleta vumbi juu ya karatasi mbichi, na katika joto kama la Garissa rangi ya maji hukauka kabla brashi haijamaliza mkato wake. Yeyote aliyewahi kukaa mchana mmoja kando ya Tana katika mwezi wa Februari atafahamu.

Joy aliishi maisha hayo kwa miaka. Alipiga kambi Mlima Kenya kuchora mimea ya nyanda za juu, akafuatana na George katika safari za nyika ya kaskazini, na michoro yake ikapamba vitabu kadhaa kuhusu mimea ya Afrika Mashariki. Mwaka 1947 Shirika la Kifalme la Kilimo cha Bustani la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell.

Kisha akaziacha petali na kugeukia nyuso. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kazi iliyomchukua takriban miaka 6 na kuzaa mamia ya picha. Hapa pana jambo la kujadiliwa. Picha hizo zilitokana na jicho la mgeni lililolipwa na mtawala aliyewaona watu hao kama mkusanyo wa kuhifadhiwa. Hata hivyo, mapambo mengi aliyoyachora yalikuwa tayari yakitoweka, na vizazi vilivyofuata haviwezi kuyaona kwa rangi zake ila katika karatasi zake. Mwandishi wa makala hii anaukubali ukoloni wa kazi hiyo bila kusita, na bado anashukuru kwamba ilifanyika. Baadhi ya picha hizo zimo katika Makumbusho ya Taifa.

Yaliyofuata yanajulikana. Februari 1956 George alimwua simba jike aliyemshambulia, akarudi kambini na watoto watatu wa simba huyo. Mdogo wao aliitwa Elsa. Kitabu kilitoka mwaka 1960, filamu ikafuata mwaka 1966, na mchoraji akamezwa na mfugaji wa simba. Joy mwenyewe hakuwa mtu mwepesi wa kuishi naye; hasira zake zilijulikana, na yeye na George waliishia kuishi mbalimbali, kila mmoja na wanyama wake.

Aliuawa Januari 3, 1980 katika hifadhi ya Shaba. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba ni simba, lakini uchunguzi ulibaini vinginevyo, na aliyewahi kuwa mfanyakazi wake alitiwa hatiani. George aliuawa na majangili Agosti 1989 huko Kora, eneo lililo kando ya Tana, juu kidogo ya Balambala, ng'ambo ya mto.

Msitu wa kingo za mto huo nao umepungua. Miti yake huchipua kwa kutegemea mafuriko, na tangu mabwawa ya nyanda za juu yajengwe, likiwamo la Masinga lililokamilika mwaka 1981, mafuriko hayaji kama zamani. Mashamba na tanuri za makaa zimefanya yaliyobaki.

Majivu ya Joy yalitawanywa katika Mbuga ya Meru, sehemu yake juu ya kaburi la Elsa, kando ya Mto Ura. Ura humwaga maji yake katika Tana, kabla Tana haijafika Kora na Balambala.