Mtembea Kamba wa Becchi

Mtakatifu Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti, 1815, katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, kaskazini mwa Italia. Baba yake alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka miwili, na mama yake, Margherita, akabaki na wavulana watatu na shamba dogo.

Wengi twamjua alipokuwa padre wa vijana. Leo twapenda kumtazama angali mtoto wa shamba. Siku za gulio alikwenda kuwaona wafanya viinimacho na watembea kamba. Watu walicheka wakaenda zao. Yeye aliukazia macho mkono wa mchezaji, apate kujua siri imefichwa wapi. Kisha alirudi nyumbani kujaribu, akaanguka, akajaribu tena. Wakati wa baridi kali, majirani walipokusanyika mazizini kuota joto la ng'ombe, aliwasimulia hadithi za vitabuni kwa muda mrefu, na wazee nao walitega masikio.

Sikukuu zilipofika alifunga kamba kati ya miti miwili. Kiingilio hakikuwa fedha: kwanza Rosari, kisha mahubiri ya asubuhi, ambayo aliyarudia kwa moyo, ndipo vichwangomba na kamba. Asiyetaka kusali aliambiwa aende zake. (Wapo makatekista ambao wangeitamani kamba hiyo!)

Lakini nyumbani hapakuwa na amani. Antonio, kaka yake wa kambo, aliyeshika jembe kutwa, hakuvumilia kumwona mdogo wake na kitabu mkononi. Mwaka 1828 Margherita alilazimika kumtoa mwanawe akatumike katika shamba la watu wengine. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Mwaka 1835 alipovaa kanzu ya seminari, aliahidi kuacha maonyesho na viinimacho. Twadhani hakuna kamba iliyomwia nyembamba kama ahadi hiyo. Siku moja ya karamu alisihiwa apige fidla. Alipoona watu wamekwisha kuanza kucheza ngoma uani, alikwenda nyumbani akaivunjavunja.

Alipewa upadre tarehe 5 Juni, 1841. Huko Torino aliwakusanya wavulana wa barabarani, na jukwaa alilojinyima akawapa wao. Mwaka 1849, serikali ilipokuwa karibu kuleta vipimo vya mita na kilo, aliandika mchezo wa wauzaji na wanunuzi waliotatizwa na mizani mipya. Wavulana wakaucheza, na watazamaji wakajifunza kupima huku wakicheka.