Paul Eisler, Mpigachapa wa Saketi

Fundi wa redio mjini Voi afunguapo redio iliyonyamaza, hukuta kibao chembamba chenye vijia vya shaba na vipuri vilivyolehemiwa juu yake. Kijana wa Wundanyi aundaye kikuza sauti chake nyumbani hutengeneza kibao kama hicho: huchora vijia kwa wino usiofutika juu ya bamba la shaba, hulitumbukiza katika kloridi ya feri mpaka shaba isiyofunikwa iliwe yote, kisha hutoboa na kulehemu. Aliyeasisi njia hii hatajwi sana.

Paul Eisler alizaliwa Vienna, Austria, mwaka wa 1907 katika familia ya Kiyahudi. Alihitimu uhandisi mwaka wa 1930, lakini chuki dhidi ya Wayahudi ikamfungia milango ya ajira. Alikwenda Belgrade kushughulikia mikwaruzo ya redio ndani ya garimoshi. Kazi hiyo haikudumu. Aliporejea Vienna alitafuta riziki katika uandishi na uchapishaji. Kwa maoni yangu, matbaa ilimfunza zaidi ya chuo, kwani huko ndiko alikotambua kwamba kinachochapa maneno chaweza pia kuchapa nyaya.

Mwaka wa 1936 alihamia Uingereza. Katika chumba cha kupanga huko Hampstead, London, aliunda redio ambayo nyaya zake zilikuwa shaba iliyochapwa. Zama hizo redio ziliunganishwa waya kwa waya na wanawake viwandani. Kampuni ya Plessey ilimkataa, kwa kuwa mikono ya wanawake hao iligharimu kidogo zaidi. Sababu hiyo si ngeni kwetu.

Vita vilipozuka alitiwa kizuizini kama raia wa nchi adui, ingawa adui huyo alikuwa wake pia. Alipoachiliwa, alipokewa na Henderson and Spalding, wachapaji wa muziki. Hapo alitia sahihi mkataba bila kuusoma, na haki za uvumbuzi wake zikamtoka. Mtu aliyeishi kwa maandishi alipokonywa na maandishi!

Ombi la hataza liliwasilishwa mwaka wa 1943. Wakati wa vita Marekani ilitumia saketi za kuchapwa katika viwashio vya makombora ya kutungulia ndege, na baada ya 1948 zikaenea viwandani. Technograph, kampuni iliyomiliki hataza hizo, ilishindwa kesi nchini Marekani. Eisler alikwisha kujiuzulu mwaka wa 1957.

Aliendelea kubuni, hata karatasi za ukutani za kupasha nyumba joto. Mwaka wa 1992 wahandisi wa umeme wa Uingereza walimtunuku nishani ya fedha ya Nuffield. Alifariki London mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 85.