Emmanuel Bamba, waziri aliyechunga kasha la inchi

Pale Koni, maji ya Lufira yanatoa umeme wa viwanda vya shaba tangu wakati wa Wabelji. Lakini Julai 1960 Katanga ilijitenga, na kodi ya shaba haikufika tena Léopoldville.

Mwaka 1962 Emmanuel Bamba, mutu wa Bas-Congo na Mukimbanguisti, alipewa Wizara ya Feza mu serikali ya Cyrille Adoula. Kasha lilikuwa karibu tupu. Januari 1963 jeshi la UNO liliingia Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na kujitenga kukaisha. Lakini deni lilibaki. Novemba 1963 franka ilishushwa: dolari moja, iliyokuwa franka 65, ikauzwa 180. Vitu vya ngambo vikakuwa bei kali.

Bamba aliacha wizara mwaka 1964. Hakuhukumiwa juu ya feza. Alishitakiwa kutaka kumupindua Mobutu, pamoja na Évariste Kimba wa Katanga, Jérôme Anany na Alexandre Mahamba. Waamuzi walijadiliana dakika chache tu. Tarehe 2 Juni 1966 wote wane walinyongwa mbele ya watu wengi sana. Leo, Stade des Martyrs ya Kinshasa inawakumbuka.